Wageni 46 Moshi Wiki ya Krismasi: Uchambuzi wa Kisa cha Kutafuta Malazi ya Bei Nafuu

Kisa chenyewe kwa ufupi

Kamati ya harusi ya upande wa bwana harusi ilitakiwa kuwalaza wageni 46 mjini Moshi kwa usiku mbili, Ijumaa na Jumamosi, katika wiki iliyo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Bwana harusi na ukoo wake ni watu wa Kanda ya Ziwa na hawana nyumba wala ndugu mkoani Kilimanjaro. Bibi harusi ni mtoto wa Kibosho. Majina ya watu, nyumba za wageni, kanisa, ukumbi na mwaka wenyewe yameondolewa, na baadhi ya mambo yasiyobadili hoja yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Hesabu zimetoka katika daftari la mweka hazina, na mfuatano wa mambo umetoka katika kumbukumbu za vikao pamoja na maelezo ya mwanakamati aliyepewa kazi ya malazi, ambaye hapa ataitwa mratibu.

Moshi ya Desemba

Asiyeijua Moshi ya Desemba hudhani kwamba mji ambao wenyeji wake wanarudi nyumbani hauwezi kukosa vyumba vya kulala wageni, kwa kuwa kila anayerudi ana kwao. Hali halisi ni kinyume. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi yanayotoka Dar es Salaam hujaa, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, na treni ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyorejeshwa Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, nayo hupata abiria wake. Wengi wa wanaoshuka hupanda moja kwa moja kwenda migombani: Machame, Kibosho, Old Moshi, Marangu, Rombo. Hata hivyo, si wote wanaolala huko. Nyumba ya babu yenye vyumba vinne haiwezi kuwabeba watoto saba wa babu pamoja na wake, waume na wajukuu. Wapo waliokuja na watoto wadogo wasiozoea baridi ya mlimani, na wapo ambao magari yao madogo hayapandi barabara ya udongo iliyolowa mvua za vuli. Hao wote hushuka mjini jioni kutafuta chumba chenye maji ya moto.

Juu ya kundi hilo huongezeka wapanda mlima. Mgeni anayetaka kuupokea Mwaka Mpya akiwa kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, huanza safari siku chache baada ya Krismasi, maana njia kama ya Machame huchukua siku sita au saba kupanda na kushuka. Kampuni zinazowapandisha wageni hao huwawekea chumba usiku mmoja kabla ya kupanda na mwingine baada ya kushuka. Aliyekula Krismasi yake mlimani anashuka siku zile zile ambazo anayesubiri Mwaka Mpya anajiandaa kupanda, kwa hiyo mahitaji ya makundi hayo mawili hukutana katika tarehe 26, 27 na 28. Kundi la tatu ni la harusi, kipaimara na shughuli nyingine za ukoo, ambazo hupangwa wiki hiyo kwa sababu ndiyo wiki pekee katika mwaka ambayo watu wote wapo.

Kamati iliyafahamu haya kwa kusikia tu, na hakuna mjumbe aliyewahi kulala Moshi katika tarehe hizo.

Mwanzo: bajeti iliyokaa vizuri kwenye karatasi

Suala la malazi lilifikishwa kikaoni mwishoni mwa Oktoba, wakati michango ilikuwa imekwishaanza kukusanywa tangu Julai. Hesabu ya kwanza ilikuwa rahisi: wageni 46, watu wawili kila chumba, vyumba 23, shilingi 50,000 kwa chumba, usiku mbili. Jumla ikawa shilingi 2,300,000, nayo ikapitishwa bila mjadala. Bei hiyo ya 50,000 ilitajwa na mjumbe aliyefika Moshi kikazi mwezi wa Mei. Kwa mwezi wa Mei, msimu wa masika ambapo wapanda mlima ni wachache, ilikuwa bei ya kweli kabisa, na pengine hata ya juu kidogo.

Mratibu aliomba aruhusiwe kuanza kutafuta mara moja. Kikao kilimwelekeza asubiri kwanza orodha ya waliothibitisha kuja. Ujumbe ukawekwa katika kundi la WhatsApp ukiwaomba wageni wathibitishe, na kama ilivyo kawaida ya makundi hayo, watu waliweka alama za pongezi na mikono iliyokunjwa, lakini wachache mno walisema wanakuja au hawaji. Wiki mbili zikapita kwa kusubiri jibu ambalo, kwa maoni yangu, lisingekuja kabla ya Desemba hata kama wangeulizwa kila siku, kwa sababu mtu aliyeajiriwa hajui kama atapewa likizo, na aliyejiajiri hajui kama atakuwa na nauli.

Kutafuta vyumba

Katikati ya Novemba mratibu alianza kutafuta bila kuisubiri orodha. Alipitia kwanza Booking.com, na vyumba vya watu wawili alivyovikuta kwa tarehe zile vilikuwa na bei ya kuanzia takribani shilingi 110,000, baadhi vikiwa vimetajwa kwa dola. Alivuta kalamu akapiga hesabu: vyumba 23 kwa usiku mbili vingefika shilingi 5,060,000, zaidi ya mara mbili ya bajeti. Hapo alichukua uamuzi ambao nadhani ulikuwa wa busara kuliko mingine yote iliyofuata: aliacha kuitumia tovuti kama soko na akaitumia kama kitabu cha simu. Aliandika majina na maeneo ya nyumba za wageni, akatafuta namba zao za mapokezi, akapiga.

Simu zilimwonyesha mambo mawili. La kwanza, nyumba nyingi ndogo hazimo kabisa mtandaoni, au zimo lakini kwa Desemba huweka huko vyumba vichache tu, kwa sababu zinajua vitajaa bila msaada wa mtu na hazioni sababu ya kulipa kamisheni. La pili, bei ya simu ilikuwa chini. Loji moja ya eneo la Majengo, safi na yenye uzio, ilimtajia shilingi 45,000. Mhudumu wa mapokezi alimwambia, "Nimekuwekea vyumba kumi, usijali dada." Hakudai advansi siku hiyo, ila alisema kwamba bosi wake angependa ilipwe nusu kabla ya mwezi kuisha.

Nusu ya vyumba kumi kwa usiku mbili ilikuwa shilingi 450,000. Mratibu aliipeleka hoja hiyo kwa mweka hazina, na mweka hazina akakataa. Sababu yake haikuwa ya ubahili. Fedha iliyokuwapo ilikwisha kupangiwa ukumbi na mpishi, ambao wote walikuwa na mikataba yenye tarehe, na kanuni ya kamati ilikuwa kwamba fedha haitoki kwa jambo ambalo idadi yake haijathibitishwa. Mratibu akabaki na ahadi ya mdomo.

Wiki ya kwanza ya Desemba alipopiga tena, aliambiwa kwamba kampuni moja ya utalii imelipia vyumba sita kwa mkupuo, na kwamba vinne vilivyobaki sasa ni shilingi 80,000. Alilalamika. Mhudumu alimjibu kwa upole kwamba kitabuni hakukuwa na jina lake, kulikuwa na maandishi ya penseli tu.

Maamuzi matatu ya Desemba

Kikao cha dharura kilifanyika kwa simu, na ndipo kamati ilipoacha kutafuta nyumba moja ya kuwaweka watu wote.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuwagawa wageni kwa hadhi na mahitaji yao badala ya kuwagawa kwa wawili wawili. Wazazi, wajomba, shangazi na wazee wengine, jumla 12, walale mjini karibu na ukumbi kwa gharama yoyote inayovumilika, kwa kuwa mbele ya wakwe heshima ya ukoo hupimwa kwa namna wazee wake walivyotunzwa. Baada ya mazungumzo marefu ile loji ya Majengo ilishusha bei hadi shilingi 70,000 kwa vyumba vinne vilivyobaki, na vyumba vingine viwili vya bei hiyo hiyo vikapatikana katika nyumba ya jirani. Safari hii fedha yote ililipwa siku ile ile. Kabla ya kulipa, kijana wa upande wa bibi harusi alitumwa kwenda kuviona vyumba, kuhakikisha kwamba jina linalotokea kwenye lipa namba ndilo lililoandikwa kwenye leseni iliyotundikwa ukutani, na kurudi na risiti yenye muhuri, tarehe na namba za vyumba. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi moja na nauli ya daladala.

Uamuzi wa pili uliletwa na kikwazo ambacho hakuna aliyekifikiria Oktoba. Vyumba vingi vya gesti vina kitanda kimoja cha tano kwa sita, na vya vitanda viwili ni adimu. Gesti kadhaa zilisema wazi kwamba haziwalazi wanaume wawili katika kitanda kimoja, na nyingine zilikubali kwa sharti la kulipia kila kichwa. Hesabu ya watu wawili kila chumba ikawa imevunjika kwa vijana 18, karibu wote wakiwa ni marafiki wa bwana harusi. Mjumbe mmoja aliyesoma Moshi alikumbuka kwamba vyuo hufunga na mabweni hubaki matupu. Chuo kimoja kilikubali kukodisha vitanda vya dabodeka kwa shilingi 12,000 kila kitanda kwa usiku, wageni wakija na mashuka yao na lango likifungwa saa sita usiku.

Uamuzi wa tatu ulihusu wageni 16 waliobaki, ambao ni wale waliokuja pamoja kwa basi la kukodi kutoka Kanda ya Ziwa. Himo ilipendekezwa kwanza, kisha ikakataliwa, na kukataliwa kwake kulikuwa na mantiki. Himo ndipo wanaposhukia watu wa Marangu na Rombo wanaotoka Dar es Salaam, na wanaofika usiku hulala hapo hadi asubuhi. Boma Ng'ombe iko upande wa pili, kwenye barabara ya Arusha, na gesti zake huishi zaidi kwa madereva wa malori na wasafiri wa kupita. Basi la wageni lingetokea upande huo huo wa Singida na Arusha, kwa hiyo lingefika Boma Ng'ombe kabla ya kufika Moshi. Vyumba vinane vilipatikana kwa shilingi 35,000. Siku moja kabla ya safari ndipo mtu alipouliza dereva na konda wao watalala wapi, na chumba cha tisa kikaongezwa kwa haraka.

Yaliyotokea siku zenyewe

Ijumaa usiku wazee walipofika Majengo, kimoja kati ya vile vyumba vinne hakikuwa kitupu. Kilikuwa na mgeni aliyekuja na uthibitisho wa tovuti. Kitabu cha wageni kilichokuwa mezani, chenye safu za jina, anakotoka, anakokwenda na kazi, kilikuwa na jina la huyo mgeni kwa wino, na orodha ya malipo ya simu ilikuwa katika daftari jingine ambalo mhudumu wa zamu ya usiku hakulijua. Mratibu alitoa risiti. Namba ya chumba ilikuwa imeandikwa juu yake. Meneja alipigiwa simu, akafika, akawapeleka wazee wawili kwenye nyumba nyingine ya kiwango kinacholingana kwa gharama yake mwenyewe. Bila namba ya chumba na muhuri, nadhani mazungumzo yale yangechukua sura nyingine.

Bwenini maji yalitoka asubuhi tu, na vijana walioga kwa ndoo. Hawakulalamika sana. Lango la saa sita ndilo lililowasumbua, kwa kuwa sherehe Jumamosi ilipita saa hiyo, na mlinzi alihitaji kubembelezwa.

Boma Ng'ombe palikuwa na utulivu. Tatizo lilikuwa basi. Ibada ilipangwa kuanza saa nane mchana, na dereva aliagizwa awachukue wageni wa Boma Ng'ombe kisha awapitie vijana bwenini. Vijana hawakuwa tayari. Kundi lote likaingia kanisani ibada imekwishaanza, na viti vya upande wa bwana harusi vilikuwa vitupu wakati wakwe wamejaa upande wao. Jambo hilo lilisemwa baadaye, na ni haki lilivyosemwa.

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: vyumba sita vya wazee shilingi 840,000, vitanda 18 vya bweni shilingi 432,000, vyumba tisa vya Boma Ng'ombe shilingi 630,000, mafuta na posho ya dereva kwa safari za ziada shilingi 180,000. Jumla shilingi 2,082,000, yaani pungufu ya bajeti ya awali kwa shilingi 218,000.

Uchambuzi

Ni rahisi kuitazama jumla hiyo na kusema kwamba kamati ilifaulu. Ninakubali kwa sehemu tu. Kamati ilibaki ndani ya bajeti kwa sababu vijana 18 walikubali dabodeka, na kwa sababu basi lilikuwa limekwisha kukodiwa kwa fungu jingine. Kama lile basi lisingekuwapo, Coaster ya kukodi kwa siku mbili ingemeza akiba yote ya Boma Ng'ombe, na wageni 16 wangekuwa wamelala mbali bila faida ya shilingi hata moja. Chumba cha nje ya mji kinapaswa kuhesabiwa pamoja na usafiri wake wa kwenda na kurudi, tena mara mbili kwa siku, maana mgeni wa harusi hurudi kubadili nguo.

Gharama iliyofichika iko kwenye ile advansi. Mweka hazina alikataa kutoa shilingi 450,000 ili asipoteze fedha endapo wageni wasingekuja. Kwa kukataa huko, vyumba sita vya wazee pekee vilipanda kutoka 45,000 hadi 70,000, na tofauti yake kwa usiku mbili ni shilingi 300,000. Tuseme kamati ingelipia vyumba kumi Novemba na viwili visipate watu: hasara ingekuwa shilingi 180,000, na katika wiki ile vyumba hivyo viwili vingeweza hata kuuzwa kwa faida kwa harusi nyingine. Hofu ya kulipia chumba kitakachobaki kitupu ni halali mwezi wa Mei. Desemba mjini Moshi chumba kitupu hakipo, kwa hiyo kanuni ile ile ya fedha iliyoilinda kamati kwenye ukumbi iliiumiza kwenye malazi.

Loji nayo isilaumiwe kupita kiasi kwa kuvitoa vyumba. Kampuni ya utalii huleta wageni mwaka mzima. Kamati ya harusi huja mara moja. Mwenye loji aliye na vyumba kumi na mbili au kumi na vitano anatafuta katika wiki mbili za Desemba fedha ya kumvusha Aprili na Mei. Kilichokosekana ni uwazi: mhudumu alisema "nimekuwekea" akimaanisha kwamba atajitahidi, na mratibu alisikia kwamba vyumba ni vyake. Swali la kuuliza kwenye simu ya kwanza lilikuwa ni hadi tarehe gani ahadi hiyo inashikilia bila malipo, na nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha.

Kusubiri uthibitisho wa wageni kulikuwa kosa la utaratibu zaidi kuliko la mtu. Kamati ilikuwa na njia nyingine ya kuikadiria idadi: wazee 12 walikuwa hawana shaka tangu siku ya kwanza, kwani hakuna harusi bila wao. Vyumba vyao sita vingeweza kulipiwa Oktoba kwa bei ya Oktoba, na idadi ya vijana ikaachwa iyumbe hadi mwisho, kwa kuwa bweni huongeza au kupunguza kitanda kimoja kimoja bila shida. Mpangilio uliotumika ulikuwa wa kinyume: wenye uhakika waliwasubiri wasio na uhakika.

Kuhusu bei za dola, mambo yamebadilika. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, kwa hiyo kamati ya sasa inayotajiwa dola na nyumba ya wageni ina haki ya kudai bei ya shilingi. Faida yake kwa mteja wa kawaida ni kwamba anaweza kulinganisha nyumba mbili bila kubahatisha kiwango cha kubadilishia fedha. Bei yenyewe ya msimu haishuki kwa sababu hiyo.

Jambo lililobaki ni tarehe, na kamati haikulijadili hata mara moja. Wiki ya pili ya Januari wanaorudi kazini na wanafunzi wamekwishaondoka, na loji ile ile ya Majengo ilimwambia mratibu kwamba wakati huo chumba kinarudi 45,000 bila hata kuomba. Upande wa bwana harusi ungeokoa fedha na ungelala pamoja, wote 46, katika nyumba mbili za jirani. Upande wa bibi harusi ungepoteza nusu ya ukoo, wakiwamo kaka wawili wanaofanya kazi nje ya nchi ambao likizo yao iliisha tarehe 3. Mratibu anasema angeliuliza hata hivyo, na kwamba anajua jibu ambalo Kibosho wangempa.